Mbuzi wa Mwanangu

Mwanangu alipozaliwa hapa Garissa, jirani yetu wa mtaa wa Galbet, mama wa Kisomali mwenye mifugo, aliingia na mbuzi jike mdogo kifuani. Mimi ni mtu wa milimani, na kwetu mzazi hunywa supu. Nikamshukuru sana, kisha nikamwambia mume wangu atafute kisu.

Jirani akanikodolea macho. "Mwalimu, hii si ya kula. Hii ni ya mtoto."

Akanieleza kwamba kwao mtoto akizaliwa hupewa mnyama jike. Mnyama huyo hulishwa pamoja na wengine, na uzao wake wote huwa mali ya mtoto hadi atakapojitegemea. "Sasa wewe unataka kula kesho yake?" Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, akitaka kunichokoza huniuliza kama kisu kimenolewa.

Mbuzi akarudi zizini kwake, nami nikabaki na aibu yangu. Lakini ukweli ni kwamba kesho ya hapa mimi sikuwa nayo kabisa. Nilipangiwa kufundisha huku nikaja shingo upande. Kanisani kwetu Jumapili tunapekuliwa langoni na askari wenye bunduki, na wako waumini ambao, tangu makanisa ya hapa yaliposhambuliwa, mpaka leo hawakai mbali na mlango. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, husema mchungaji, nasi huitikia amina huku jicho moja likiangalia nje. Katika sala yangu niliomba mkate wa leo tu. Wa kesho nilitaka kwenda kuula kwetu, na mwanangu akulie huko.

Kisha mvua ikakosa, na msimu uliofuata ikakosa tena. Vijana wa jirani walipeleka mifugo mbali kusini, kuelekea delta ya Mto Tana, na mingi ikafia njiani. Mbuzi wachache waliobaki nyumbani, jirani aliwalisha maboksi ya katoni aliyookota nyuma ya maduka, akiyararua na kuyalowesha kwa maji kidogo. Ni katika kiangazi hicho ndipo uhamisho niliokuwa nimeuomba ulipokubaliwa. Mume wangu alisema yeye atafuata popote, niamue mimi.

Nikaenda kumuaga jirani. Nilimkuta ameketi mlangoni pa zizi, anararua katoni. Ndani alikuwapo mbuzi mmoja tu, mbavu nje, na kitoto chake kikinyonya.

"Wengine wako wapi, mama?"

"Wamekufa. Wengine nimechinja, watoto wapate kula."

"Na huyu?"

"Hii si yangu," akasema, akinishangaa kwa kuuliza.

Nikamwambia amchinje, wajukuu wake wapate kula, kwa kuwa sisi tunaondoka na mwanangu hatamhitaji tena.

Akaendelea kurarua. "Mtoto amesema hivyo?"

Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, hata "mama" bado hajui kutamka vizuri.

Nimehubiriwa mara nyingi habari ya yule nabii aliyenunua shamba wakati adui ameuzingira mji wake, kwa sababu aliamini kuwa watu watarudi kulima. Niliisikiliza kama habari ya zamani. Sasa nilikuwa nikimtazama mwanamke ambaye hasali ninaposali mimi, amechinja wa kwake akamwacha wa mwanangu, wakati hakuna aliyekuwa akimwona. Nilimheshimu siku ile kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu yeyote, na naandika haya nikiwa bado namheshimu hivyo. Imani niliyoikariri tangu utotoni, yeye alikuwa akiilisha katoni.

Nikaketi kando yake, nikavuta boksi moja, nikaanza kurarua.

"Na kisu, mwalimu," akauliza bila kuinua kichwa, "hukuleta?"

Nikamwambia kisu nimekiacha nyumbani, na kesho nakwenda ofisini kuukataa uhamisho.