Kodi Aliyoimaliza Mama

Nikisikia mtu akitamka neno kodi, hata leo, mate hunijaa mdomoni, na si ya hamu. Ni ya kutema.

Watu wa pwani wanalo neno pango kwa pesa za mwenye nyumba. Sisi wa Nairobi hatukujisumbua. Ukimlipa landilodi, ni kodi. Serikali ikikukata mshahara, ni kodi. Ardhi uliyojengea ikidaiwa ada ya kila mwaka, hiyo nayo ni kodi. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu, na mzigo wa tatu ulimwangukia mama yangu.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Umoja, mojawapo ya zile ambazo ulilipa kila mwezi, polepole, mpaka iwe yako. Baba, dereva wa lori, alifariki kabla ya kumaliza. Mama akaendelea peke yake kwa mshahara wa kufagia hospitali na kwa mandazi ya alfajiri. Siku alipolipa ya mwisho, karani alimwambia, "Mama, umemaliza kodi. Sasa nyumba ni yako." Akarudi akachinja kuku, akawaita wanawake wa kanisa, akasimama mlangoni akatangaza kwamba hatalipa kodi tena mpaka azikwe. Wakampigia vigelegele. Baadaye alijenga vyumba vya mabati nyuma, akaweka wapangaji, na sasa yeye ndiye akawa wa kulipwa kodi.

Hakuna aliyemweleza kwamba aliyoimaliza ni ya nyumba, na kwamba ya ardhi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Barua za kudai zilikwenda kwenye sanduku la posta la kampuni aliyofanyia kazi baba, na kampuni ilikwisha kufungwa zamani. Labda panya walizisoma.

Katikati ya miaka ya tisini, mimi nikiwa nimeolewa Kayole, mpangaji mmoja alikuja kuniita. Nilikuta karatasi imebandikwa getini kwa gundi nyingi kama ya kubandika tangazo la krusedi ya injili. Niliisoma kwa sauti: nyumba imewekewa zuio kwa malimbikizo ya kodi, isiuzwe wala kuhamishwa, na deni lisipolipwa itapigwa mnada. Mama alicheka.

"Wamekosea geti," alisema. "Mimi nilimaliza kodi."

Walioelewa haraka ni wapangaji. Mwisho wa mwezi mama alipobisha kwa kijana wa chumba cha kwanza, yule aliegemea mlango akisugua meno. "Mathe, na wewe hujalipa kodi, sisi tutakulipa aje?" Wenzake wakaangua kicheko. Huyo alikuwa akila mandazi ya mama kwa mkopo mwaka mzima! Nilitamani kummwagia maji ya vyombo, mama akanishika mkono.

Tukaenda kwenye ofisi husika, ambayo siitaji kwa sababu sitaki kuchafua mdomo. Mama ni Mkamba wa zamani, haendi kwa mtu mikono mitupu. Alibeba ndengu kwenye mfuko. Karani aliyetupokea alikuwa amefuga ukucha wa kidole cha mwisho, akiutumia kufunulia faili na kuchokolea sikio, kwa zamu. Aliuchukua mfuko, akatia mkono ndani mpaka kifundoni, akapapasa. Alikuwa anatafuta noti. Alipoikosa alitwambia faili haiko, turudi wiki ijayo.

Tuliporudi, hata salamu hakujibu.

"Mama, zile ndengu zako zilikuwa na mawe. Bibi yangu karibu avunjike jino."

Na mama yangu, mwanamke aliyejenga kwa mandazi, aliinama akaomba radhi. "Pole sana, mwanangu. Nilizichambua kwa haraka." Karani akaendelea kusema kwamba faili sasa inaonekana, iko kwa mkubwa, lakini mkubwa ana kiu.

"Si anywe maji," nikasema.

Jibu hilo lilitugharimu. Tulikalishwa kwenye benchi la ukumbini siku baada ya siku, faili ikienda na kurudi mahali ambapo haikuwepo. Mama alininong'oneza kwa ukali, "Wewe msichana, mdomo wako utaniuzia nyumba." Nilinyamaza, na kunyamaza huko kulinichukiza kuliko ule ukucha.

Faili ilipopatikana tuliona kwamba faini imeipita kodi yenyewe, mtoto amekuwa mkubwa kuliko mzazi. Mama alisogeza kiti karibu na meza.

"Hii kodi ya ardhi," aliuliza, "nikiimaliza, inaisha?"

Karani hakuinua kichwa. "Ya ardhi haiishi, mama. Utalipa mpaka ufe, halafu watoto walipe."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemficha jambo hilo.

Tulikubaliwa kulipa kidogo kidogo. Aliuza ng'ombe wake aliyefugwa kijijini, nami nikatoa pesa za zamu yangu ya chama cha kuchangiana. Wapangaji walianza tena kulipa, huku wakinung'unika kama wanaotoa sadaka kwa nguvu. Deni lilipokwisha, ile barua ya kuondoa zuio nayo ikatozwa ada yake. Unalipa, halafu unalipia kuambiwa kwamba umelipa! Nilimpelekea mama barua hiyo nikitegemea furaha, hata ya kikombe cha chai. Akaikunja, akaitia chini ya godoro, akaendelea kuchagua mchele.

Nilidhani ni uchovu. Mvua za masika zilipokuja nilimtembelea, nikakuta mlango wa mbele umeng'oka bawaba, umeshikiliwa na gunia la makaa, maji yakiingia hadi chini ya kochi. Huyu ni mwanamke aliyekuwa na nyundo yake mwenyewe na hakuruhusu mtu aiguse.

"Mama, mbona hujaita fundi?"

"Wenyewe wataleta fundi wao."

"Wenyewe gani?"

"Wa kodi." Alinisogezea kiti mahali pakavu. "Anayelipwa kodi ndiye hutengeneza nyumba. Mimi si ndivyo ninavyowafanyia hawa wangu wa nyuma?"