Matanga ya Kabula

Siku mumewe Thomasi alipozikwa, Minza hakujua wale watu wenye masufuria ni akina nani. Waliingia uani asubuhi, wanawake wamejitwisha kuni, wanaume wakiburuza turubai, na kabla mfiwa hajauliza lolote moto ulikuwa umeshawaka na chai inachemka. Walilala pale pale hadi matanga yalipoanuliwa. Mmoja wao, mwalimu mstaafu aitwaye Kristofa, ndiye aliyekuja kumweleza, akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Sisi ni Chama cha Historia cha hapa Dutwa, mayu. Tulipokuwa tukizunguka vijijini kukusanya vitu vya zamani, marehemu alikuwa akitutengenezea baiskeli na kukataa malipo. Hatuwezi kumwacha azikwe kama mtu asiye na watu."

Aliposikia maneno hayo ya mwisho Minza aliangua kilio upya, mpaka akina mama wakamshika mikono. Walidhani anamlilia mume. Na kweli alimlilia Thomasi, aliyekuwa mpole kwake tangu siku zao za Nyalikungu, alipokuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Maswa. Ila chini ya kilio kile palikuwa na kilio kingine, cha zamani, ambacho hakikuwahi kupata mahali pa kutokea.

Mama yake, Kabula, alizikwa kama mtu asiye na watu.

Ilikuwa zamani kidogo, Minza akiwa mke mpya, mimba ya kwanza tumboni. Kule kijijini kwao, ng'ambo ya mbuga kutoka Dutwa, kaka yake Mashimba alifiwa na mtoto. Homa ilimkamata mtoto jioni, na kesho yake hakuwepo. Mashimba, kwa uchungu, akamleta mganga kupiga ramli. Mganga hakutaja jina. Alisema tu kwamba aliyemla mtoto yumo humo humo bomani, ni mzee, na macho yake ni mekundu.

Kabula alikuwa na macho mekundu. Nani asingekuwa nayo, baada ya miaka yote ya kupika kwa kinyesi cha ng'ombe kikavu ndani ya kijumba kisicho na dirisha? Majuma machache baadaye, watu wasiojulikana walimkuta jikoni kwake na kumkata mapanga. Habari zilimfikia Minza kwa kuchelewa. Alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa, udongo wake mweusi bado mbichi. Jirani hata mmoja hakuja kukesha, wala hapakuinjikwa chungu. Nani akamlilie mchawi, naye aonekane mwenzake? Minza alikaa peke yake kando ya kaburi, kisha akajifunga kanga akarudi Maswa. Miaka ilipita. Thomasi akahamia Dutwa kufungua karakana ya baiskeli, na Minza akafungua kibanda cha chakula karibu na kituo cha mabasi. Kijiji chao kilikuwa mwendo mfupi tu kutoka hapo, lakini njia ile hakuikanyaga.

Basi baada ya msiba wa mumewe alijiunga na Chama cha Historia. Mambo ya kale hayakuwa yakimshughulisha. Alichotaka ni kuwa miongoni mwa watu wanaokwenda na masufuria kwenye misiba ya wengine. Chama kilikuwa kimepewa ghala kuukuu lililokuwa la pamba, na humo walifanya maonesho yao kwa misimu: moja wakulima wanapomaliza kuuza pamba, watu wana nafasi na wanafunzi wanaweza kuletwa na walimu wao; na jingine mvua za kwanza zinapokaribia, ambapo wazee walionesha majembe ya kale na namna walivyokuwa wakitunza mbegu. Katikati ya misimu walikuwa ni watu wa kuzika na kuuguza. Njaa ilipobisha hodi, walipitisha debe la mtama kwa wajane.

Mwaka ule, msimu wa pamba ukielekea ukingoni, kamati iliamua kuwa maonesho yawe juu ya jiko la mama. Kila mmoja akasema atakacholeta. Huyu chungu cha bibi yake, yule kibuyu cha kusukia maziwa, mwingine ungo wa kupepetea. Zamu ya Minza ilipofika aliinuka.

"Mama yangu alikuwa na jiwe la kusagia mtama," akasema. "Nadhani bado liko kule nyumbani."

Watu wakatazamana. Walikuwa wakijua. Dutwa si mahali pa kufichika jambo kama lile.

Mayunga, mwenye mkokoteni wa ng'ombe, mtu wa maneno machache, ndiye aliyesema, "Nitakupeleka."

Waliondoka alfajiri na kufika jua limeshapanda. Minyaa iliyozunguka boma ilikuwa imekua ikawa mirefu kuliko alivyoikumbuka. Mashimba alikuwa uani akichambua pamba chafu na safi, mgongo umepinda, ndevu nyeupe. Alipoinua uso akamwona dada yake, mkono wake ulibaki hewani na pamba kwenye vidole.

"Mwangaluka, kaka," Minza alisema.

"Mwangaluka." Kisha, baada ya muda, "Minza."

"Nimefuata jiwe la mayu."

Mashimba hakuuliza la nini. Aliinuka, akawaongoza nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa jiko la zamani. Kuta zilikuwa zimeshaanguka. Jiwe lilikuwa pale chini, na katika lile bonde lililochimbwa na mikono ya Kabula kwa miaka mingi ya kusaga, mlikuwa na maji. Kuku wawili walikuwa wakinywa.

Minza aliwafukuza kuku. Akapiga magoti, akayamwaga yale maji kwa kiganja, taratibu, mpaka yakaisha, kisha akapangusa bonde la jiwe kwa ncha ya kanga yake.

"Siku ile ulikuwa wapi?" akauliza bila kugeuka.

"Mnadani. Nilikwenda kuuza dume."

"Na mganga ulimleta wewe."

Mashimba aliangalia mbali, kule ng'ombe wa Mayunga walikokuwa wamesimama. "Mwanangu alikuwa amekufa, Minza. Mtu aliyefiwa na mtoto humsikiliza kila anayesema."

"Nakuuliza uliwasikiliza mpaka wapi."

Minza alisubiri. Upepo ulipita, pamba zikapeperuka uani, naye bado akasubiri. Mwishowe Mashimba aliinama akashika upande mmoja wa jiwe. "Shika huko," alisema. "Ni zito." Wakalibeba wawili, kaka na dada, nyuso zao zimekaribiana kiasi cha kusikia pumzi ya kila mmoja, wakalipakia mkokotenini. Baada ya hapo alirudi kwenye pamba zake, akaketi, akawapa mgongo.

Walipovuka korongo, Mayunga aligeuka nyuma. "Hujapata jibu," akasema.

"Nimepata jiwe," Minza alijibu, na machozi yakamtoka njia nzima.

Kule ghalani ubishi ukazuka. Kadi ya jiwe iandikwe nini? Mwalimu Kristofa alipendekeza iandikwe tu kuwa ni jiwe la kusagia, mali ya marehemu Kabula. Georgina, afisa maendeleo ya jamii aliyehamishiwa wilayani kutoka Moshi na kuzoea kuhudhuria vikao vyao, alimuuliza Minza mwenyewe anataka nini.

"Nataka isemwe kwamba aliuawa."

"Dada yangu," Mayunga alisema kwa upole, "hawa waliofanya vile, walio hai, ni wa huku huku. Wengine pengine wanakunywa chai kibandani kwako."

"Najua. Nimewapakulia ugali miaka yote hii, nisijue ni yupi."

Kadi ikaandikwa fupi kama alivyotaka mwalimu, lakini wakakubaliana kuwa atakayeuliza, Minza atamjibu.

Maonesho yalipofunguliwa watu walijaa. Akina mama walicheka walipoona vyombo vya utoto wao, wazee wakabishana juu ya jina la kibuyu fulani, na watoto wa shule wakapewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, waonje. Minza alisimama kando ya jiwe, akatia konzi ya mtama, akaonyesha namna ya kusaga huku mgongo ukienda na kurudi. Wanafunzi walijaribu kwa zamu, unga ukatoka chengachenga, kicheko kikawa kikubwa. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa akisoma kadi kwa sauti akauliza, "Huyu bibi Kabula alikufa kwa ugonjwa gani?"

Minza aliweka chini kijiwe cha juu.

"Hakuugua, mwanangu. Aliuawa. Walisema ni mchawi kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Na macho yalikuwa mekundu kwa moshi, kwa kutupikia sisi. Alikuwa mama yangu."

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango alivuta kanga yake mpaka ikamfunika macho, akaondoka bila kuaga. Wanaume kadhaa wakatoka nje, wakasimama kwenye jua wakivuta sigara, na hawakurudi. Mwalimu wa wanafunzi akawahimiza wasonge mbele waone vyungu.

Juma lile kibanda cha Minza kilipooza. Wateja aliowazoea walipita wakiangalia upande wa pili wa barabara. Hakulalamika. Ila alianza kupika sufuria dogo, na usiku alilala akijiuliza kama alichofanya kimemsaidia marehemu au kimemfukua tu. Mwalimu Kristofa alimkuta kibandani peke yake mchana mmoja, akaketi kwenye benchi, akaagiza ugali ingawa alikuwa ameshakula.

"Tumezungumza," alisema. "Maonesho yakifungwa, tunataka kwenda kumkalia mama yako matanga."

"Baada ya miaka yote hii?"

"Mlango wa msiba haujafungwa, mayu. Haukuwahi kufunguliwa."

Mayunga akatumwa kwa Mashimba kuomba ruhusa. Alirudi na jibu fupi: uwanja ni wa Kabula pia, waje.

Walikwenda siku ya pili baada ya kufunga ghala, kwa mkokoteni na kwa baiskeli, na Georgina akaja na pikipiki yake. Mashimba hakuwepo. Binti yake, Jenifer, aliyezaliwa miaka baada ya mauaji na ambaye Minza alikuwa hajapata kumwona, alitoka na mtoto mchanga mgongoni.

"Baba amekwenda mnadani," alisema, macho chini.

Minza alishika tama. Wenzake walimwangalia, wakimngoja aseme turudi. Hakusema. Alikwenda moja kwa moja hadi palipokuwa na kaburi, kilima kidogo tu kilichoota nyasi chini ya mgunga, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono. Akina mama wakajiunga. Moto ukawashwa, chungu kikainjikwa, turubai likatandazwa, na wakaketi chini, miguu imenyooshwa, kama inavyopasa. Mwalimu Kristofa akasema jina la marehemu, na la baba yake, na la kijiji alichozaliwa. Ndipo wakalia. Walimlilia kwa sauti, bila kuona haya, mwanamke ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona.

Milango ya majirani ilibaki imefungwa. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye paa zao, kwa hiyo watu walikuwemo. Hakuna aliyetoka isipokuwa kikongwe mmoja, aliyesimama kwenye minyaa kwa muda mrefu akiegemea fimbo. Walipomwita aje ale, alitikisa kichwa, akageuka kwenda zake.

Chakula kilipoliwa na vyombo vikaoshwa, Jenifer alikuja akaketi karibu na Minza, akamgeuza mtoto kifuani amnyonyeshe.

"Shangazi, hapa kwetu hatumtaji," alisema. "Hata jina lake nimelisikia leo. Alikuwaje?"

Minza alifungua kinywa kujibu, akashangaa kuona hana la kusema. Kwa miaka yote alikuwa amebeba kifo cha mama yake, na kifo kile kilikuwa kimekalia kila kitu. Alitafuta sauti ya Kabula, hakuipata. Alitafuta uso, akaupata nusu, umegeukia moto. Akaogopa. Jenifer alingoja, mtoto akinyonya kwa pupa.

"Alikuwa akipenda michembe, vile viazi vitamu vikavu," Minza alisema mwishowe. "Alikuwa akiificha ndani ya kanga, atafune akienda kisimani. Tulikuwa tukimwomba, anasema imekwisha, huku shavu limevimba."

Jenifer akacheka, akaziba mdomo haraka, kama aliyekosa adabu msibani.

"Cheka tu," Minza alimwambia. Yeye mwenyewe hakuweza kucheka, ila alisogea karibu, akamshika mtoto mguu. "Na kuimba je," aliendelea, "alikuwa hajui kabisa. Akianza kuimba, baba anatoka nje kuangalia ng'ombe."

Walikaa hivyo mpaka Mayunga alipoanza kufunga ng'ombe mkokotenini. Mashimba alikuwa bado hajarudi. Jenifer aliwasindikiza hadi korongoni, akauliza kama anaweza kuja Dutwa siku moja kumtembelea shangazi yake, na Minza akamwelekeza kibanda kilipo.