Baba Mkwe Ndani ya Kompyuta

Mpaka alipoacha kufundisha, Mwalimu Atupakisye hakuweza kuuzuia mkono wake wa kushoto. Kila alipofika mwisho wa mstari, mkono ule uliinuka pembeni ya kompyuta na kusukuma hewa kuelekea kulia, kana kwamba taipureta yake ya zamani bado ilikuwa pale ikingoja kurudishwa. Wanafunzi walicheka. Yeye aliutazama mkono huo kama mtu anavyomtazama mbwa mzee asiyesikia tena amri, kisha akaendelea na somo.

Darasa lake lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la misumari na mabati, Msasani, Tukuyu. Taipureta zilipangwa ukutani, na katikati, juu ya meza yake peke yake, ilikaa kompyuta moja ya mtumba iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mwalimu alikuwa amesomea uhazili chuoni ujana wake, akafanya kazi ushirika, na ushirika ulipokufa akarudi nyumbani na ujuzi wake. Hakulalamika. Alisema tu kwamba watu wataendelea kuandikiana barua, na barua lazima zichapwe.

Yudith alifika kwake akiwa amebanwa. Tangu kabla hajamzaa Lugano alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya chai. Sasa ofisi ilikuwa imeuzwa, wenye mali wapya wakaleta kompyuta, na tangazo likabandikwa mlangoni: mwisho wa mwezi kila mpiga chapa atajaribiwa, na atakayeshindwa atapunguzwa. Miaka ile hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kupunguzwa. Yudith alikuwa amewaona waliopunguzwa wakipita barabarani mchana, wamevaa nguo za kazini, hawana pa kwenda. Usiku alijiona miongoni mwao.

Herufi hazikumsumbua, vidole vyake vilizijua hata gizani. Kilichomshinda ni kipanya. Akikishika, kiganja kilitoka jasho, na ule mshale kwenye kioo ulikimbilia pembeni kama kifaranga aliyeona mwewe.

"Mwalimu, hiki kitu hakinipendi," alisema.

"Hakimpendi mtu, mama Lugano. Kisukume taratibu."

"Nakisukuma taratibu. Chenyewe ndicho chenye haraka."

Mwalimu alikuwa ameliona tatizo hilo kwa wengi, na dawa alikuwa ameipata kwa bahati. Mpwa wake wa Mbeya alimletea diski yenye mchezo mfupi wa kutisha, wa picha za vijiraba, miraba midogo midogo, kama mkeka uliosukwa kwa rangi chache. Hukukimbia wala kupiga risasi humo. Ulipeleka mshale kwenye mlango, ukabonyeza, mlango ukafunguka. Ukabonyeza ngazi, ukashuka. Na huko chini, kwenye chumba kilichochimbwa chini ya sakafu, lilikungoja zimwi lenye meno. Mwalimu aliwapa wanafunzi wacheze, akiamini hofu ya zimwi itawasahaulisha hofu ya kipanya.

Walicheka mpaka machozi. "Nani kwetu ana chumba chini ya sakafu?" aliuliza Venance, karani wa kiwanda cha chai aliyekuja kujifunza baada ya zamu. "Na huyu naye, meno yote hayo! Apewe muwa."

Basi Mwalimu akatengeneza wa kwake. Alichora picha moja moja, kijiraba kwa kijiraba, akaziunganisha kwa programu ile ambayo wataalamu huitumia kuonyesha kurasa zao ukutani. Ulikuwa mchezo mfupi, chai ingeweza kuwa bado moto ukimaliza. Njia ya Ikuti, asubuhi, ukungu. Migomba kulia, kahawa kushoto. Wewe ni mke wa mtu, umejitwika ndizi. Unabonyeza njia, unasogea. Unabonyeza tena. Kisha ndani ya ukungu kinatokea kijiraba kimoja cheusi, halafu viwili, halafu kofia, halafu koti refu na fimbo. Baba mkwe wako anakuja.

Hapo hakuna aliyecheka. Kwa wanawake wa Rungwe waliolelewa kizamani, mke haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hataji jina lake, hakai alipoketi, na akimwona njiani huacha njia mpaka mzee apite. Mwalimu mwenyewe, alipokuwa bibi arusi kule Kisondela, aliwahi kuchutama ndani ya kahawa huku siafu wakimpanda miguuni, kwa kuwa baba mkwe wake alisimama njiani kumwuliza jirani habari za ng'ombe, na jirani alikuwa mtu wa kueleza. Alijua alichokuwa akikichora. Usipobonyeza kichaka kwa wakati, mzee aliinua kichwa, na uso wake ukajaa kioo kizima. Haukuwa na meno. Ulikutazama tu.

"Mimi hainihusu," Venance alijitapa. "Sina baba mkwe wa kunitisha."

"Wewe utakutana na mama mkwe, kule kisimani," alisema Mwalimu. "Nimemchora akioga."

"Mwalimu, tafadhali!" Venance alikitupa kipanya kama kaa la moto, na darasa likaangua kicheko.

Zamu ya Yudith ilipofika, alisogea vizuri picha ya kwanza na ya pili. Kofia ilipochomoza ukunguni aliachia kipanya, akavuta kanga kichwani, akainuka, akatoka nje. Alisimama nyuma ya mapipa ya maji ya mwenye duka, amegeuzia ukuta uso. Ni pale alipowasikia wenzake wakigaragara kwa kicheko ndipo alipokumbuka alikuwa wapi.

Siku ya pili alifanya vilevile. Siku ya tatu aliweza kubaki kitini, lakini alifumba macho na kujifunika, na mzee akamkuta katikati ya njia. Aliporudi nyumbani hakula. Alijiuliza ataajiriwa na nani mwanamke wa umri wake anayekimbia picha. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu baridi, kwa maana mwisho wa mwezi haukumngoja.

Kesho yake Mwalimu aliwatuma wengine nje wakapumzike. Akavuta kiti, akaketi kando ya Yudith.

"Unafanya jambo jema, mama Lugano. Umelelewa. Ila unamhamisha mtu asiyehusika." Alikigusa kioo kwa kucha, palipokuwa na mshale. "Aliyeko njiani ni huyu. Wewe uko Msasani, umekaa kwenye kiti, mzee hakuoni. Huyu ndiye mke wa watu. Mfiche yeye."

Yudith aliutazama mshale kwa muda mrefu. Mdogo, mweupe, peke yake kwenye njia yenye ukungu. Akauonea huruma. Kofia ilipotokea, moyo ulimwenda mbio kama kawaida, lakini mkono ulisogea bila kuulizwa, ukamchukua yule mdogo, ukamwingiza kwenye migomba. Mzee akapita na koti lake, na fimbo yake, akapotea. Ndege mmoja wa vijiraba akatua njiani.

"Amepita," Yudith alinong'ona.

"Amepita. Ndaga, asante. Rudia."

Siku ya jaribio walimweka mbele ya kompyuta mpya kuliko ya Mwalimu, na meneja kijana akasimama nyuma yake. Afungue barua, asahihishe, aihifadhi, aitoe kwenye karatasi. Vidole vilikwenda vyenyewe. Alipofika kwenye kuhifadhi, kisanduku asichowahi kukiona kikaruka katikati ya kioo na kumwuliza swali. Kipanya kilimponyoka. Tayari makalio yalikuwa yameinuka kitini. Akaketi tena, akashusha pumzi, akalisoma swali neno kwa neno. Halikuwa gumu: je, aiweke barua hii mahali pa ile ya zamani? Aliupeleka mshale polepole, akabonyeza. Kisanduku kikaondoka. Mashine ya kutolea karatasi ikaguna, na barua ikaanza kutoka, mstari kwa mstari, yenye joto.

Meneja aliisoma. "Sawa," alisema. "Jumatatu njoo kazini kama kawaida."

Kama kawaida! Yudith alitembea kutoka pale hadi Msasani bila kuihisi mvua.

Hakujua kwamba siku hiyo angemwona Mwalimu kwa mara ya mwisho. Kesho yake Mwalimu, aliyesumbuliwa na kifua kwa baridi ya Tukuyu, alichukuliwa na binti yake kwenda Kyela kwenye joto, akafia huko kabla mpunga haujavunwa. Yudith alipata habari mazishi yakiwa yamekwisha. Alilia, kisha akaenda kazini.

Siku ile ya mvua, alipofika kwa Mwalimu, umeme ulikuwa umekatika, na darasa lilikuwa likipiga taipureta kwa mwanga wa mlango. Yudith alisimama kizingitini, maji yakimchuruzika, akataka kusimulia yote tangu mwanzo, ikatoka sentensi moja tu: "Mwalimu, wamenibakiza." Kisha akaangua kilio.

Mwalimu Atupakisye alimtazama juu ya miwani, na uso wake wote ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo.

"Sasa unalia nini, mama Lugano? Ingia ndani au utoke, unawazibia wenzako mwanga."