Mbavu za Biskuti

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Mama husema nilipokuwa nanyonya nilikuwa naachia titi kila mara ili nimtazame usoni, kana kwamba naogopa ataondoka kabla sijamaliza. Kwa hiyo wiki ile ya harusi ya mdogo wangu, wenzangu walipokuwa wanahangaikia sare na muziki, mimi nilikuwa nahangaikia kidole gumba cha mguu wa kulia wa baba.

Baba ana gauti. Kwa mtu mwingine hilo ni jina la ugonjwa tu, lakini kwa mzee wa Kisukuma aliyekulia nyuma ya ng'ombe kule Sapiwi ni kama tusi. Daktari hapa Bariadi alimwambia aache nyama ya ng'ombe na ya mbuzi, na maini na supu ya utumbo asahau kabisa. Baba aliitikia "sawa, sawa" kwa heshima zote, akatoka nje, akasema yule daktari bado mtoto. Haukupita muda akaenda kwenye ubatizo wa mjukuu wa jirani, akala mbavu kama kawaida yake. Asubuhi kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa, na khanga ikikigusa tu anapiga kelele. Karibu wiki nzima alikuwa mtu wa kitandani. Mtu mzima, mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe, analia kwa sababu ya khanga.

Baada ya hapo aliacha kweli. Ila kuacha nyama nyumbani kwako ni jambo moja, na kuacha mbele za watu ni jingine. Kwenye msiba mmoja alichukua maharage, mzee mwenzake akamwuliza kwa sauti, "Vipi, ng'ombe wamekukosea nini?" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini tangu siku ile hakuhudhuria tena shughuli yoyote yenye chakula. Leo alikuwa na udhuru wa pamba, kesho wa mvua. Machoni pake mwanamume asiyekula nyama alikuwa amekwisha, na yeye hakutaka kuonekana amekwisha. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua.

Sasa mdogo wangu anaolewa, na mchumba ni wa Mwanhuzi, kwenye familia ya wafugaji hasa. Ilipangwa kwamba Alhamisi wazee wao waje kwetu tule pamoja kama ndugu, na Jumamosi iwe kanisani. Mdogo wangu alikuwa ameshatangaza kwamba ataingia kanisani na baba. Siyo baba mdogo, siyo kaka. "Asiponiingiza yeye nabaki pale mlangoni, ibada iendelee bila mimi." Alisema huku anacheka, lakini namjua, ana kichwa kigumu. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: baba akila nyama Alhamisi, Jumamosi hasimami. Asipokula, wakwe watauliza, na yeye alikuwa radhi kufa kuliko kuulizwa.

Kazi yangu ni kupamba keki na biskuti. Nilijifunzia Mwanza, na hapa mjini napata wateja wa sikukuu za kuzaliwa, kipaimara na sendofu. Nimeshatengeneza biskuti za viatu vya mtoto mchanga, za mipira, hata za Biblia iliyofunguliwa. Jumatatu ya wiki ile nilikuwa nakanda unga wa mteja, ndipo nikawaza: kwa nini nisimtengenezee baba nyama choma ya biskuti? Atapewa sahani yake, na anayemwangalia kwa mbali ataona mzee anakula mbavu na mishkaki kama wenzake. Sukari kidogo daktari hakuikataza, nilihakikisha mwenyewe kwa simu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kuchambua mchele. "Mayu, mwanangu, umdanganye Msukuma kwa nyama? Mdanganye kwa kitu kingine."

Baba yeye aliutazama mguu wake. Halafu akauliza neno moja tu.

"Zitafanana?"

Niliposikia swali lile nikajua kwamba anaogopa kuliko mimi. Nikamwambia zitafanana.

Sijawahi kufanya kazi kwa roho juu namna ile. Biskuti nilizikata kwa kisu, moja moja, kwa sababu vikopo vya kukatia vina maumbo ya nyota na mioyo, na hakuna aliyewaza kutengeneza kikopo cha ubavu wa mbuzi. Zilipopoa nikakoroga aising, ile sukari laini ya kupambia, ya rangi ya kahawia, nikaona inafanana na udongo. Nikaongeza nyekundu, ikawa kama nyama mbichi. Nikaongeza kakao kidogo kidogo mpaka nikapata ile rangi ya nyama iliyokaa kwenye mkaa ikaanza kukauka pembeni. Mafuta ya nyama niliyachora kwa aising nyeupe yenye tone la njano. Alama za wavu nilizipaka kwa brashi, kakao iliyolowekwa, mstari kwa mstari. Mishkaki niliichoma vijiti vya kweli. Nikafanya na ndizi za kuchoma, na kachumbari ya vitunguu vyembamba vya rangi ya waridi, na pilipili moja ya kijani ambayo niliipenda sana nikasahau kwa dakika kadhaa kuwa na wasiwasi.

Wasiwasi ulirudi aising ilipogoma kukauka. Joto la Bariadi halina huruma na kazi yangu. Niliziweka karibu na dirisha, nikaona vumbi linaingia, nikazitoa. Nikaziweka kwenye kabati, nikawaza sisimizi, nikazitoa. Mdogo wangu alipita na mikorogo yake usoni, akainama kuzitazama, akasogeza pua.

"Dada, hizi hazinuki moshi."

Usiku na mchana nilikuwa nimeshughulikia macho tu. Hata hivyo nikajiambia kwamba pale uani jiko litakuwa linawaka na kila kitu kitanuka moshi, hata mchungaji.

Alhamisi wageni walifika mapema kuliko walivyosema, kwa sababu ya uungwana wa kutotaka kupikiwa chakula kikapoa. Tuliwakaribisha chini ya turubai. Nilipiga magoti nikawaamkia, na baba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye kofia ya pama na sauti ya kukoroma, akaniitikia, "Marahaba, mayu," akauliza habari za mvua, za pamba, za mifugo, na za kila mtu aliyelala ndani ya nyumba yetu. Mdogo wangu alikuwa chumbani, kwa sababu siku hiyo bibi harusi hatokezi mbele ya wakwe, lakini nililiona pazia la dirisha lake linacheza.

Baba alivaa shati jeupe. Miwani aliiacha ndani, kwa sababu zile zile za kutotaka kuonekana mzee. Nikaliona hilo, nikaona si kitu. Laiti ningejua.

Sinia la nyama likaja, limejaa, linatoa moshi. Nikaliweka mbele ya wageni. Kisha nikaleta sahani ya baba, nikaiweka mbele yake, upande wa kivuli. Nasema kweli, zilifanana. Hata mimi niliyezichora nilimeza mate. Nikasogea hadi mlango wa jikoni, nikasimama na birika la kunawishia, nikaanza kuomba Mungu kimoyomoyo.

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Mwanza nilizoea kupamba kwenye shughuli za ukumbini, ambako kila mtu ana sahani yake, anakula anachotaka na hakuna anayemtazama. Nilipanga mambo yangu kana kwamba tuko ukumbini. Lakini wapi kwetu mzee amekula nyama peke yake, kwenye sahani yake, mbele ya mkwe? Sahani ile ilikuwa imekaa pale kama kitu cha mtu mchoyo.

Yule mzee wa Mwanhuzi aliitazama. Akacheka. "Mkwe, sahani ya nini tena? Si tumekuwa kitu kimoja?" Akainyanyua kwa mikono miwili, kwa upendo kabisa, akaimimina yote kwenye sinia.

Nadhani nilisema "Yesu" kwa sauti, kwa maana mama aligeuka.

Mbavu zangu ziliingia katikati ya mbavu za kweli, mishkaki ikalala juu ya mishkaki. Nikakodoa macho kutoka pale mlangoni, na sikuweza kutofautisha. Nilikuwa nimejivunia mstari wa mafuta, alama za wavu, kila kitu, na sasa hayo yote yalikuwa yananizuia nisijue baba atashika nini. Na baba, bila miwani, alikuwa anaona sinia la kahawia tu. Nilimwona anaupeleka mkono, anaurudisha, anajifanya anafukuza nzi.

Nilitaka kukimbia pale. Lakini mtoto wa kike huendi kuchambua sinia la wazee. Ungesemwa mpaka Kiloleli.

Yule mzee mgeni akachagua. Alichukua muda, akigeuza vipande, kama mtu anayechagua kwa heshima. Akatoa ubavu mkubwa kuliko wote, akaunyoosha kwa baba kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko. "Mkwe, pokea. Umenipa mtoto."

Kwetu nyama uliyopewa na mkwe kwa mkono wake huiweki chini. Baba aliupokea. Na hapo nikaona mafuta yanamtiririka kwenye kifundo cha mkono, yanaingia kwenye shati jeupe. Biskuti haitoi mafuta. Baba naye aliyasikia yale mafuta, nilimwona. Akainua macho kunitafuta, akanipata pale mlangoni, na mimi sikuwa na ishara yoyote ya kumpa isipokuwa kusimama na birika langu.

Wote walikuwa wanamtazama yeye, wanangoja aanze ili nao waanze.

Akaupeleka ubavu karibu na mdomo. Halafu akaushusha, akaukalisha kwenye kiganja.

"Mkwe," akasema, na sauti ile ya kuswaga ng'ombe ikatoka nyembamba, "mimi nyama nimekatazwa. Nina gauti. Nikila hii leo, Jumamosi binti yenu atakosa wa kumwingiza kanisani. Mguu huu nimemwekea yeye."

Nilisikia mkaa unavyopasuka kwenye jiko. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimwonea huruma. Kwa muda wote huo alikuwa amejificha kwenye mashamba na mvua asiseme maneno hayo. Mimi nilikuwa nimekesha nikichora ili asiyaseme. Na sasa ameyasema yote, mbele ya wageni aliowaogopa kuliko watu wote.

Mzee wa Mwanhuzi alilitazama sinia. Pale ambapo nyama ya moto iligusa aising, rangi ilikuwa imeanza kuchuruzika. Akaokota kipande kimoja chenye rangi inayochuruzika, akakigeuza, akakinusa, akauma. Akatafuna polepole kama mtu anayeonja dawa.

"Kumbe chakula chako ndicho hiki."

"Ndicho," baba akasema.

"Kinaliwa." Akamaliza kile kipande. Kisha akamchukulia baba ule ubavu kutoka kiganjani, akauweka mdomoni mwake mwenyewe. "Basi wewe kula cha kwako, mkwe. Huu nakulia mimi. Mguu wa mtoto wetu tusiuchezee." Akaanza kumchambulia baba biskuti, anabonyeza kwa kidole kila kipande, kigumu huku, laini kule, na wazee wenzake wakaanza kucheka na kumsaidia kubonyeza. Baba hakucheka mara moja. Ilimchukua muda. Alipocheka, alifuta macho kwa mkono wa shati, akajipaka mafuta usoni.

Jumamosi alitembea, kiatu cha kulia kamba zimelegezwa kwa tahadhari tu. Watu wengi wanaikumbuka siku hiyo. Mimi naikumbuka zaidi Alhamisi, nilipoliacha birika nikaingia chumbani kwa mdogo wangu kumweleza.

Alikuwa ameketi kitandani, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama. Hakuhitaji kuelezwa, dirisha lilikuwa wazi.

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema."

"Mbele yao?"

"Mbele yao wote."

Akauma kitambaa, akalia bila sauti ili wakwe wasisikie. Nami nikakaa karibu yake, nikaanza wasiwasi mpya kwamba atavimba macho, nikamwambia aache, akivimba kwenye harusi tutasemaje. Akanishika mkono.

"Dada, hata kama Jumamosi atashindwa kusimama," akasema, "baba ameshaniingiza."