Mtunza mafaili aiandikia ramani programu iliyomtoa kazini

Saa moja asubuhi, chumba cha nyuma cha duka la ushonaji. Mwanamke wa miaka hamsini na nne anafungua folda ya mia tatu themanini na moja. Anasoma kilichomo, faili la kwanza hadi la mwisho, midomo ikichezacheza. Anaandika sentensi moja. Anaifuta. Anaandika nyingine.

"Dada, nachomeka pasi!" anapaza sauti mdogo wake, fundi cherehani, kutoka chumba cha mbele.

"Ngoja nihifadhi kwanza! Ukichomeka sasa hivi tutagombana."

Kompyuta yake haina betri, na soketi inayofanya kazi ni moja. Pasi ikiingia, kompyuta inatoka.

"Mwenzenu kaolewa na kompyuta," fundi anamwambia mteja. "Na bwana mwenyewe hana hata betri."

Mama Masjala, kama mtaa unavyomwita, anacheka nao. Mikono haitoki kwenye kibodi.

Jina hilo alilipata hospitalini, alikotunza mafaili ya wagonjwa kwa miaka kumi na tisa. Daktari akitaja jina, faili liko mezani kabla hajakaa vizuri. Kisha ikaja programu ya kutunza kumbukumbu, na pamoja nayo barua ya mistari mitatu: huduma zake hazihitajiki tena. Mkubwa aliyeisaini alimwambia, "Mama, mambo ya kompyuta huyawezi. Kapumzike."

Hakumuuliza kama angependa kujifunza. Miaka saba imepita, na kwa neno hilo hakuna aliyewahi kuomba radhi. Wenye vyeti husahau haraka. Waliotolewa mlangoni hawasahau.

Hakupumzika. Alisikia kwamba programu hiyo ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Akaupakua.

"Nilitaka nimwone uso huyo aliyenitoa kazini," anasema. "Nikafungua. Loo! Masjala gani hii? Folda mia nne na kumi na mbili, hakuna hata moja iliyoandikwa ina nini. Mimi ningefukuzwa siku ya kwanza!"

Alijifundisha mwenyewe kusoma msimbo, miaka miwili. Asubuhi kompyuta, mchana vifungo na pindo za wateja wa mdogo wake, kwani ndizo zinazomlisha. Mwaka jana akawaandikia wasimamizi wa mradi, watu asiowahi kuwaona: niruhusuni niandike mwongozo wa folda zenu, mgeni ajue kila kitu kiko wapi na kwa nini. Wakajibu kwamba wakiuridhia, utawekwa mbele kabisa ya programu, na jina lake juu.

Mwongozo wenyewe hauna madoido. "Hapa uzito wa mgonjwa unageuzwa kuwa vidonge," inasema sentensi moja. "Usiguse kabla ya kumuuliza mfamasia."

Folda iliyoleta kesi inaitwa "zamani". Msimamizi mkuu, ambaye Mama Masjala humwita Injinia, alitaka ifutwe kwenye toleo lijalo.

"Mama, nimeandika programu hii miaka minane," alimwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano, wote wakisoma. "Folda hiyo imekufa. Andika 'haitumiki', niingize mwongozo wako leo hii."

Neno moja tu, na kazi ya mwaka mzima inapita. Fundi cherehani alimsihi: "Dada, liandike yaishe! Utabishana na mtu wa digrii?"

Lakini masjala ina mazoea yake. "Huandiki kitu juu ya jalada mpaka ujue nani huja kuliulizia," anaeleza. Alikuwa ametafuta kwenye mafaili yote nani anaiita folda hiyo, yaani sehemu gani ya programu bado inaitegemea. Akampata mmoja: hesabu ya dozi za watoto wachanga.

Akamjibu Injinia: "Mwanangu, kama imekufa, mbona kuna anayeigongea mlango kila siku? Ifute kwenye kompyuta yako, kisha ingiza mtoto wa kilo tatu."

Siku kumi na moja zikapita. Mwongozo ukakaa nje.

Siku ya kumi na mbili likaja jibu, mbele ya wote: "Nimeifuta. Nimeingiza mtoto wa kilo tatu. Programu imempa dozi ya mtu mzima. Mama, shikamoo."

"Marahaba," aliandika.

Mwongozo uliingizwa jioni ileile. Sasa anamalizia folda zilizobaki. Wasimamizi walipotaka kumwandika "mtaalamu wa nyaraka", alikataa. Chini ya jina lake pameandikwa: mtunza mafaili.

Sasa ana mpango mwingine. Programu ya maabara, nayo huria, ina folda mia tatu zisizo na maelezo, na watunza mafaili watatu waliotolewa naye siku moja wako tu mtaani: mmoja anauza mitumba, mmoja anafulia watu nguo, mmoja analea wajukuu. Amewaita Jumatatu.

"Wameniuliza waje na nini," anasema. "Nikawaambia, miwani tu. Kusoma mafaili tunajua."