Hamira Kiziwi

Wifi yangu amesoma mpaka vitabu vikamchoka, na kilele cha elimu yote hiyo ni hamira. Ndiyo, hamira hii hii ya pakiti, ya dukani. Kumbe kuna watu wanaolipwa mshahara kuchunguza hamira ina shida gani maishani, na mmoja wao ameolewa na kaka yangu. Majirani wanamwita Daktari wa Mkate. Mkate wenyewe hajui kuuoka. Ule aliojaribu mara ya mwisho tuliutumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo.

Mimi ni fundi cherehani, sikusoma sana. Lakini ni wifi yake, na wifi haombi kibali cha kusema.

Alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilitoka, na nyumba nzima ikakosa maneno, hata mimi. Kwa hiyo hii ya pili tuliibeba wote, isipokuwa mwenye tumbo. Presha ilimpanda, miguu ikavimba, nesi wa kliniki akamwambia akae nyumbani apumzike. Wifi akamshukuru kwa adabu, akaenda kazini.

Nesi akawa ananipigia mimi, maana simu ya msomi haipokelewi.

"Mwambie wifi yako, hii si presha ya kuchezea."

Nikimwambia, jibu lake lilikuwa lile lile. "Nimesikia, wifi. Nikimaliza jaribio hili tu."

Jaribio likiisha, linazaa jingine. Kaka yangu yuko safarini na lori lake, akichangia kwa kusema "pole mke wangu" kwenye simu. Nikabaki na ulimi wangu.

"Wifi, hivyo hamira inakungoja wewe ndiyo iumuke?"

Alicheka, akafunga kamba za viatu kwa shida, akaondoka.

Ijumaa moja alirudi amechoka mpaka akahangaika na ufunguo wetu kwenye kitasa cha jirani. Akatia mfuko wake wa chakula kwenye friji, akajitupa kitandani na viatu vyake. Nilikuwa na ujumbe wake kutoka kwa nesi, na safari hii haukuwa wa kawaida. Nilimtikisa bega. Aliguna tu, akaendelea kulala.

Asubuhi mama yangu, yaani mkwe wake, alitaka kuoka mkate, na hamira ilikuwa imeisha. Akapekua friji. Kwenye mfuko wa wifi akakuta chupa yenye kitu kizito cha rangi ya maziwa. Akanusa.

"Hamira! Leo msomi wetu amekumbuka nyumbani."

Akakanda unga, akatia chumvi yake ya kawaida, yaani nyingi. Tukangoja. Mama akaufunika blanketi, akausogeza juani, mwisho akaanza kuubembeleza. Unga ukalala tu.

Wifi alipoamka akaiona chupa tupu kwenye sinki. Chakula chake alikuwa amekiacha maabara, akabeba kazi kuileta nyumbani.

"Mama, msiule huo!"

"Tuule wapi, mwanangu? Hamira yako imekufa."

"Huyo ni Kiziwi, Mama. Siyo wa mkate." Akaketi, akashusha pumzi. "Basi, si kitu. Maabara wapo wengine."

Mama akataka kujua hamira inakuwaje kiziwi. Wifi akaeleza, na akianza kueleza hamira huwa hazuiliki.

"Hamira ya kawaida ina mlinzi mlangoni. Chumvi ikizidi nje, maji yanaanza kumtoka mwenye nyumba. Mlinzi anampa habari tarishi, tarishi anaikimbiza ndani: acheni kukua, tuokoe maji kwanza! Wote wanasimama. Wanatengeneza kitu kama shira cha kuyashika maji. Mambo yakitulia, wanakua tena."

"Na huyu?"

"Huyu nilimwondoa tarishi. Habari ipo mlangoni, lakini haifiki. Anazidi kukauka, naye anang'ang'ana na shughuli zake za kukua, kama hakuna kilichotokea, mpaka..."

 Mkono wake ulikuwa tumboni.

Jamani, methali ilinijia yenyewe hadi ncha ya ulimi. Sikio la kufa halisikii dawa. Miezi mizima nilikuwa natafuta nafasi nzuri kama ile, na sidhani kama nitaipata tena. Lakini methali hiyo ina neno "kufa" ndani yake. Niliogopa. Nikaimeza nzima nzima, na kwa mtu kama mimi hiyo si kazi ndogo.

"Wifi," nikasema, "nesi alipiga jana. Majibu ya mkojo si mazuri. Wanataka ulazwe."

Nikangoja nisikie habari za jaribio.

"Lini?" akauliza.

"Leo."

Nikapiga magoti nikamvua viatu. Kamba zilikuwa zimemchora mistari miguuni, na mistari haikufutika hata niliposugua kwa kidole. Viatu havikuingia tena. Akaondoka na ndala za Mama, nami nimemshika mkono, huku unga umeachwa juani.

Tulikuwa tunapanda ngazi za hospitali simu yake ilipolia. Bosi. Wifi akaitazama, akanipa mimi.

"Mwambie sisikii."

Nikamwambia bosi, neno kwa neno. Sijawahi kufikisha ujumbe kwa furaha kiasi kile.