Zimwi Ndani ya Gunia

Juzi nilikuwa zahanati ya Matrah, nikingoja daktari. Karibu yangu alikaa bibi mmoja wa Unguja pamoja na mke wa mwanawe, ambaye alininong'oneza kuwa tangu wahamie Maskati, mama hali wala hacheki.

Mkaza mwana huyo akafungua kitabu cha hadithi za Wasantali, watu wa Bara Hindi, akawa anamtafsiria bibi, aliyekuwa amefumba macho. Mbweha alikuwa akimwambia zimwi kwamba kwa ukubwa ule hataenea ndani ya gunia.

Bibi akafumbua macho. "Mbweha gani? Huyo sungura wetu!"

"Mama, wameandika mbweha."

"Wamekosea. Haya, zimwi kaingia?"

"Kaingia."

"Funga! Funga upesi!" Akampiga kofi la gotini mzee wa Kiarabu aliyekaa upande wa pili. Mzee akashtuka, lakini alipoelezwa kisa kwa Kiarabu, alicheka mpaka kilemba kikamlegea.

Muuguzi akaita zamu ya bibi.

"Ngoja, mwanangu, zimwi hajafa!"

Muuguzi naye akabaki mlangoni, akisikiliza.

Daktari alipotoka kumuuliza anaumwa nini, bibi alijibu mbele yetu sote, "Nna njaa."

Sijui Wasantali wanakaa wapi hasa, lakini anayepajua awafikishie salamu zetu.